Homa Isiyongoja Kesho

Wahenga walisema ya kuwa mficha maradhi, kilio humfichua. Neno hilo ni la kweli, lakini kwa ugonjwa tunaotaka kuusema leo halitoshi. Kule Goma, katika mitaa ya Ndosho, Majengo na Birere, wako wagonjwa wanaofikishwa hospitalini wakiwa wamekwisha kuzidiwa, wala hawakuficha kitu. Jamaa walijua, majirani walijua, na shirika lao lilikuwa limekwisha kuwaombea. Kwa nini basi walichelewa?

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Vijidudu vyaweza kuingia katika damu kwa njia ya kidonda, mapafu, mkojo, matumbo, au tumbo la uzazi baada ya mama kujifungua. Mwili hupigana navyo kwa ukali hata hujidhuru wenyewe: mishipa hulegea, damu haifiki inapotakiwa, mafigo na mapafu hushindwa kazi. Madaktari huuita ugonjwa huo sepsisi. Hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2020 yaonyesha kwamba mwaka 2017 watu wapatao milioni 49 waliugua hivyo duniani, na milioni 11 wakafa. Kati ya wagonjwa hao, milioni 20 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza habari za akina mama wanaokufa kwa uzazi, wakapambanua ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Mafundisho yao yafaa pia kwa ugonjwa wa damu. Leo tutasema hasa juu ya ule wa kwanza, kwa kuwa ndio unaoanzia nyumbani mwetu.

Sababu ya kwanza ni kwamba homa zote hufanana. Mtu akipata joto na maumivu ya kichwa, nyumba nzima husema ni malaria, na mtoto hutumwa kununua vidonge dukani. Siku mbili hupita, kisha dawa nyingine hununuliwa, nusu ya kipimo, kwa kadiri ya fedha zilizopo. Hata kipimo cha malaria kikionyesha kwamba ipo, jambo halijaisha. Uchunguzi uliofanywa Kongo, hasa katika hospitali ya Mtakatifu Luka ya Kisantu, umeonyesha kwamba vijidudu vya jamii ya salmonela hupatikana mara nyingi katika damu ya watoto wadogo, na kwamba malaria huvifungulia mlango. Mtoto mmoja aweza kuwa na adui wawili kwa siku moja, na vidonge vya malaria humpiga mmoja tu.

Tena ugonjwa huu una hila. Mgonjwa aliyekuwa akiwaka moto aweza ghafula kuwa baridi na kunyamaza kimya. Jamaa hufurahi, wakisema, “Homa imeshuka, mwacheni alale.” Kumbe pengine ndiyo saa ya hatari kubwa kuliko zote.

Sababu ya pili ni fedha, na hapa yafaa tuseme pasipo kuwalaumu maskini. Baba anayesukuma chukudu hula kwa jasho la siku ile ile. Anajua kwamba hospitalini ataombwa fedha, na amesikia habari za wagonjwa waliozuiliwa baada ya kupona mpaka deni lao lilipwe. Hivyo husema, “Tungoje kesho.” Siyo uvivu, wala siyo kukosa upendo, ni hofu ya deni. Lakini ugonjwa ukikua, na gharama hukua pamoja nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sababu ya tatu ni maneno ya watu. Mmoja asema mgonjwa amelishwa sumu, mwingine asema ni uchawi, wa tatu ampeleka katika chumba cha maombi na kumwambia aache dawa ili aonyeshe imani. Ndugu wapenzi, hayo siyo mafundisho ya Kanisa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumwomba Mungu tunapougua, kisha kumpa mganga nafasi yake, kwa kuwa yeye naye ni kiumbe cha Mungu. Sala na dawa si maadui. Tuombe tukiwa njiani.

Na njia yenyewe ina taabu zake. Usiku wengi huogopa kutoka kwa ajili ya wanyang’anyi na watu wenye silaha. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini Goma, hospitali zilijaa majeruhi, na benki zikafunga milango. Hayo hatuwezi kuyaondoa kwa mikono yetu. Lakini kukata shauri mapema, mchana ungalipo, kwapunguza taabu ya usiku.

Basi, kila mzazi azijue dalili hizi: kupumua mbiombio, moyo kwenda kasi, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, mkojo kupungua sana, ngozi kuwa baridi na yenye mabaka, na kwa mtoto mchanga, kukataa kunyonya. Mama aliyejifungua karibuni akipata homa, asingoje. Penye dalili hizo hapana dawa ya dukani. Safari ni ya saa ile ile. Kwa mgonjwa ambaye nguvu ya damu yake imeanguka, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 waagiza kwamba dawa ya kuua vijidudu itolewe katika muda wa saa 1. Siku moja ya kungoja ina saa 24.

Nayo mashirika yetu, ambayo hukutana kusali na kusoma Neno la Mungu, yaweza kufanya neno kubwa. Yachange kidogo kidogo fungu la wagonjwa, ili baba asihesabu fedha mtoto akizidiwa. Yajue ni nani mwenye pikipiki atakayeitwa usiku. Yachague watu wawili wa kumsindikiza mgonjwa na kusema na wauguzi. Msamaria Mwema hakumfunga yule majeruhi vidonda tu. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa, na kuahidi kulipa deni litakalobaki. Jirani wa namna hiyo akiwapo, mgonjwa hatasema tena, “Tungoje kesho.”