AFYA: Maumivu ya tumbo yasiyokwisha huenda si taifodi

WAGONJWA wengi wenye maumivu ya tumbo ya mara kwa mara hutibiwa homa ya matumbo au amiba, wakamaliza dawa na kupata nafuu ya siku chache tu. Tumbo hukata tena na kujaa gesi. Leo mgonjwa anaharisha, wiki ijayo anafunga choo.

Kwa baadhi yao, tatizo si viini vya maradhi bali ni hali ya utumbo usiotulia, ambayo madaktari huiita kwa kifupi IBS. Wanawake ndio huathirika zaidi.

Utumbo wa mgonjwa wa aina hii ukichunguzwa hauonekani kuwa na kidonda wala uvimbe. Kasoro imo katika mawasiliano baina ya ubongo na neva za utumbo. Misuli husukuma chakula kwa kasi kupita kiasi, mgonjwa akaharisha, au hujikokota, akafunga choo. Aidha, neva huwa nyepesi kuhisi, hivi kwamba gesi kidogo tu huleta maumivu makali.

Wengine hupatwa na hali hii baada ya kuugua ugonjwa wa kuhara. Viini huangamizwa, lakini utumbo haurejelei utulivu wake. Msongo wa mawazo nao huzidisha dalili, ingawa hilo halimaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni.

Hakuna kipimo kimoja cha kuthibitisha IBS. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka wa 2016, ujulikanao kama Rome IV, humtaka daktari achunguze iwapo dalili zilianza angalau miezi 6 iliyopita, na iwapo katika miezi 3 ya karibuni maumivu yamejitokeza walau siku moja kwa wiki, yakiambatana na kwenda haja au mabadiliko ya choo.

Taifodi, kwa upande wake, huleta homa inayodumu. Kipimo cha Widal, kinachotumiwa sana kuitafuta, hutambua kingamwili ambazo huweza kubakia mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Matokeo yake pekee hayatoshi kuwa sababu ya kumeza antibiotiki kila mara, kwani matumizi hayo huwafanya bakteria kuwa sugu na huweza kuvuruga utumbo zaidi.

Hata hivyo, si kila tumbo linalosumbua lina IBS. Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, homa, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na kuhara, au dalili zilizoanza baada ya umri wa miaka 50 ni ishara za hatari. Mwenye dalili hizo, au aliye na jamaa aliyeugua saratani ya utumbo mpana, anafaa kumwona daktari bila kukawia.

IBS yenyewe haigeuki kuwa saratani. Haina tiba ya kuimaliza kabisa, lakini hudhibitika.

Hatua ya kwanza ni kuandika kwenye daftari chakula kilicholiwa na dalili zilizofuata. Maharagwe, kunde, vitunguu, maziwa na vyakula vya ngano kama vile chapati na mandazi huwasumbua wengi. Ugali wa mahindi, wali, viazi na sukuma wiki kwa kawaida huwa nafuu. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji hayo kabla ya kupika hupunguza gesi.

Vyakula vinavyoshukiwa huachwa kwa wiki 4 hadi 6, kisha hurejeshwa kimoja kimoja ili kumbaini mchokozi. Ni vyema kuongozwa na mtaalamu wa lishe, maana kuacha vyakula vingi kiholela huweza kuleta utapiamlo.

Kupunguza kahawa na pombe, kula kwa saa maalumu na kufanya mazoezi pia husaidia. Daktari anaweza kutoa dawa za kutuliza misuli ya utumbo, kuzuia kuhara au kulainisha choo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2023 ulionyesha kuwa dozi ndogo ya amitriptilini hupunguza dalili kwa wagonjwa ambao mbinu za kwanza hazikuwafaa.

Kwa hivyo, anayeambiwa kwa mara ya tatu au ya nne kwamba ana taifodi ilhali hana homa, ana haki ya kumuuliza daktari iwapo tatizo ni utumbo usiotulia.