Swala ya Aliyeumia Uti wa Mgongo

Maimamu huulizwa: aliyeumia uti wa mgongo, asiyeweza kuzuia mkojo, ataswali vipi? Kabla ya kutaja hukumu, yatupasa tuijue hali yake.

Uti wa mgongo unapojeruhiwa, mawasiliano baina ya ubongo na kibofu hukatika au hupungua. Mkojo huvuja bila hiyari, au hubaki kibofuni hata ukadhuru figo. Tiba iliyoenea tangu Dakta Jack Lapides wa Marekani alipoitangaza mwaka 1972 ni mgonjwa kujitoa mkojo kwa mpira safi, kwa kawaida mara 4 hadi 6 kwa siku. Wengine huongezewa dawa za kutuliza kibofu.

Hapa hukumu hutofautiana. Ambaye hukaa mkavu hadi wakati wa kutumia mpira tena si mwenye udhuru wa kudumu: mkojo ukitoka, udhu umetenguka, naye atajitwaharisha na kutawadha kama wengine. Ama anayevuja mfululizo, wanazuoni humfanyia kiyasi na mwenye istihadha, kama Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.), aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.) atawadhe kwa kila swala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, atajisafisha, atajifunga, atatawadha baada ya wakati kuingia, kisha ataswali faradhi bila kuchelewa.

Basi ndugu yetu asiache swala kwa aibu, wala asijinyime maji au kuchelewesha mpira ili ahifadhi udhu. Udhu hurudiwa, figo ni amana.

Wallahu a'lam.