Kipande, Santuri na Gazeti: Tunaisomaje Kilosa ya Miaka ya 1930?

Ukiitazama orodha ya vitabu tunavyovihakiki hapa chuoni, utagundua jambo la ajabu kidogo. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vina tamthilia yake: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948 una riwaya yake: Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979). Lakini hapo katikati pana shimo. Miaka ile ya kuanzia 1929 hadi katikati ya miaka ya 1930, uchumi wa dunia nzima ulipoporomoka, mimi binafsi sijakutana na riwaya ya Kiswahili iliyoifanya kuwa uwanja wake. Je, ina maana watu wetu hawakuumia? Au waliumia wakanyamaza?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hawakunyamaza hata kidogo. Tatizo ni letu sisi wahakiki, tuliozoea kutega sikio mahali pamoja tu, yaani kwenye karatasi. Nitatumia Kilosa na Mikumi kama mfano, nianze na bei za vitu, kisha burudani, kisha habari. Naomba msomaji anivumilie katika hesabu za mkonge kabla hatujafika kwenye mashairi, maana bila hizo hesabu mashairi yenyewe hayasomeki sawasawa.

Bei na kipande

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ipo katika njia hiyo, na kando ya reli, pande za Kimamba na Rudewa, yalienea mashamba makubwa ya mkonge na pamba. Mkonge haukulimwa ili uliwe. Singa zake zilikwenda ng'ambo kutengeneza kamba, na sehemu kubwa ya kamba hizo ilitumika kufungia miganda ya ngano wakati wa mavuno huko Marekani na Ulaya. Kwa hiyo soko la hisa la New York lilipoanguka Oktoba 1929, na bei ya ngano ikafuata, pigo hilo halikuchelewa kufika Kimamba. Tani moja ya mkonge iliyouzwa kwa zaidi ya pauni 30 mwaka 1929 ilikuwa imeshuka hadi karibu pauni 12 ilipofika mwaka 1932.

Sasa mwenye shamba alifanyaje? Mkonge ni mmea wa miaka mingi, huwezi kuung'oa leo ukapanda kitu kingine kesho. Alichofanya ni kupunguza watu, kukata mishahara, na kuwataka waliobaki wakate majani mengi zaidi. Ndiyo maana katika kipindi hicho hicho cha dhiki, mkonge uliosafirishwa kutoka Tanganyika uliongezeka badala ya kupungua. Mvuja jasho alifanya kazi zaidi akalipwa kidogo zaidi. Huo ndio mgogoro wa msingi wa kipindi hiki.

Kipimo chake kilikuwa kipande. Hii ilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mtu akimaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo, nafasi moja inatiwa alama. Asipoimaliza, au akiugua, au nyapara akiikataa kazi yake, siku hiyo imekwenda na maji. Mshahara ulitolewa kadi ikijaa, na kujaza siku 30 kuliweza kuchukua wiki sita na zaidi. Kwa hiyo “mwezi” wa shambani haukuwa mwezi wa kalenda. Mwezi ulikuwa mrefu kadiri ya nguvu za mwili wa mtu.

Hapo hapo serikali ya Mwingereza ilikuwa inadai kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, tena kwa fedha taslimu. Kodi haikushuka kwa kasi ile iliyoshuka mishahara na bei ya mazao. Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme kodi ni shilingi 10. Kipande kikilipa shilingi 20, kodi imekula nusu ya kadi. Kipande kikishuka hadi shilingi 10, kodi imekula kadi nzima, wala hujanunua chumvi. Walioshindwa kulipa waliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi. Juu ya yote hayo, katika miaka hiyo hiyo makundi ya nzige yalivamia sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na serikali nayo ikawahimiza wakulima walime mazao mengi zaidi ya kuuza, wakati bei za mazao hayo zilikuwa chini kabisa.

Ni haki kusema kwamba si kila kitu kilikuwa ghali. Vitambaa vya Kijapani viliingia kwa wingi Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, vikauzwa bei nafuu kuliko vya Lancashire. Lakini unafuu wa dukani una faida gani kwa mtu ambaye senti zake zimeishia kwenye kodi?

Mikumi inatuonyesha upande mwingine wa picha hii. Leo tunaijua kwa hifadhi ya taifa, lakini hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na reli kutoka Kilosa ilifika huko miaka ya 1960. Katika miaka ya 1930 mtu wa pande za Mikumi au wa milima ya Wavidunda aliyetaka shilingi ya kodi alitegemea miguu yake. Dhiki ya Kimamba ilikuwa na filimbi ya treni na karani wa kuiandika. Dhiki ya Mikumi haikuwa na karani.

Neno kama kazi ya fasihi

Hapa ndipo tunapoingia sisi watu wa fasihi. Chukua neno manamba. Wafanyakazi walioandikishwa kutoka mbali kwa ajili ya mashamba walipewa namba, nao wakaitwa kwa namba hizo, wakawa “manamba”. Angalia fani yake. Namba ni nomino ya kawaida, ngeli ya vitu. Waliolitunga neno hili wakaitia kiambishi ma- na kuifanya jina la watu. Ndani ya silabi tatu kuna mtu aliyegeuzwa tarakimu, na kuna kejeli ya yule anayejua kwamba amegeuzwa. Ningeombwa kutaja kazi ya fasihi inayobeba uchumi wa mashamba kwa ufupi kuliko zote, ningeitaja hiyo.

Posho nayo ni hivyo hivyo. Lilikuwa jina la chakula anachopimiwa mfanyakazi, hasa unga wa mahindi. Kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda likawa jina la unga au la ugali wenyewe. Chakula cha nyumbani kikachukua jina la kipimo cha bwana shamba. Na maneno haya hayakubuniwa na kamati. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanza kazi mwaka 1930 ilishughulikia usanifishaji wa tahajia na vitabu, na ilifanya kazi kubwa, lakini uchungu wa kadi hauhitaji kibali cha tahajia.

Burudani

Watu wakiwa na dhiki huwa hawaachi kucheza. Ngoma kubwa ya enzi hizo ilikuwa beni, ngoma ya kuigiza bendi na gwaride la kizungu. Ilianzia pwani, na baada ya Vita vya Kwanza ikasambaa bara pamoja na askari, makarani na reli. Vyama vyake mashuhuri vilikuwa Marini na Arinoti, vyenye “majenerali” na “wafalme” wao. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975. Ukiiona beni kama burudani tupu utakosa utamu wake. Mtu anayeamrishwa na nyapara siku sita anajivika cheo cha jenerali siku ya saba. Hiyo ni sanaa ya maonyesho, na ina maudhui ya kitabaka yaliyo wazi.

Wakati huo huo wale wenye mshahara wa ofisini walianza kuvutiwa na dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, katikati kabisa ya dhiki. Santuri nazo zilikuwepo. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikatoka Unguja kusikika mbali. Lakini santuri inataka gramafoni, na gramafoni inataka mtu mwenye akiba. Kwa hiyo hata katika starehe watu waligawanyika kwa mifuko yao: dansi na santuri huku, ngoma ya uwanjani kule.

Habari

Redio ya Kiswahili hapa kwetu ilikuwa bado. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Habari zilikuja na treni, na gazeti lililokuja nazo lilikuwa Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu Januari 1923 na kutoka kila mwezi. Lilichapisha habari za miji mbalimbali zilizoletwa na wasomaji, barua, na mashairi. Humo ndimo Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa forodha tangu mwaka 1926, alipochapisha baadhi ya mashairi yake ya mwanzo.

Sasa hebu tujiulize: ni nani aliyeandika humo? Kwa sehemu kubwa ni makarani, walimu na watumishi wengine wa serikali. Gazeti lenyewe lilikuwa la serikali. Sisemi kwamba washairi hao walikuwa vibaraka, la hasha. Wengine walikuwa wanaishi kwa hofu ya kuachishwa kazi, kwani serikali nayo ilikuwa inabana matumizi. Lakini waliisema dhiki kwa namna iliyoruhusiwa, yaani kwa nasaha: fanya kazi, acha anasa, weka akiba, kuwa na subira. Tumezoea kuyasoma mashairi ya nasaha kama mafunzo ya maadili yasiyo na tarehe. Yasome pembeni ya kipande cha mkonge uone. “Weka akiba” ni ushauri unaoeleweka kwa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa mtu ambaye kadi yake nzima imekwenda kwenye kodi, ushauri huo unagusa maisha ya mtu mwingine.

Vitabu navyo vilitazama kwingine. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela kilitoka mwaka 1934, dhiki ikiwa bado mbichi, na kinasimulia utumwa wa zamani na ukombozi ulioletwa na Waingereza. Ni mpaka Novemba 1937, Erica Fiah alipoanzisha Kwetu huko Dar es Salaam, ndipo Mwafrika alipokuwa na gazeti lake mwenyewe la kuikosolea serikali kwa Kiswahili. Wakati huo miaka mibaya kuliko yote ilikuwa imeshapita.

Hitimisho

Najua wapo watakaosema: ndugu, hiyo ni historia, sisi tunahakiki matini. Wengine watasema nyimbo za wakata mkonge zimepotea, kwa hiyo hatuna la kuhakiki. Hoja ya pili ni nzito. Waliokuwa watu wazima mwaka 1932 wameshatangulia, na kila mwaka tunaokaa madarasani tunapoteza watoto wao pia. Lakini hiyo ni sababu ya kuharakisha. Wajukuu wa Kimamba, Rudewa na Mikumi bado wanayo maneno, majina ya utani, majina ya miaka na vipande vya nyimbo.

Napendekeza basi kwamba tunapofundishwa “fasihi ya Kiswahili kati ya vita viwili”, tuiulize kila matini maswali matatu: ilichapishwa na nani, mwenye kuinunua alikuwa na kipato gani, na mtu wa kipande alikuwa anaimba nini mwaka huo huo. Bila swali la tatu tunachokiita fasihi ya miaka ya 1930 ni fasihi ya wenye mshahara peke yao. Uwanja uko wazi, wenzangu. Nauli ya kwenda Kilosa si kubwa, na kinasa sauti tunaweza kuazimana.