Mpelelezi Simjui

Mwezi huu nimeulizwa mara nne. Mara mbili ofisini, mara moja harusini, na mara ya nne nimeinama soko la Mgandini nachagua nyanya: "Mama wakili, huna mpelelezi unayemjua?" Anayeuliza hushusha sauti, kama vile mpelelezi huyo anauzwa kwa magendo.

Simjui. Na hata ningemjua nisingekupeleka kwake. Kwa kuwa jibu hilo halikumtosheleza hata mmoja kati ya hao wanne, acha niliandike hapa, atakayeuliza tena nimpe gazeti.

Swali linatoka kwenye televisheni. Kuna tamthilia ya mpelelezi binafsi inayozunguka mtaani kwetu Ngamiani, sizini nzima ndani ya flashi moja, mtafsiri akiwasemea wote: mwanamume, mwanamke na mbwa. Nimeitazama mpaka mwisho, tena nimeipenda. Bwana yule anabonyeza vitufe vitatu, ramani inafunguka, nukta nyekundu inawaka juu ya paa la nyumba, na mbaya wake ameshapatikana. Hasara huanza pale mtazamaji anapozima televisheni, akamgeukia mumewe aliyelala, akaanza kuhesabu pesa zake za upatu.

Maana mnunuzi akiwapo, muuzaji hakosekani. Siku hizi wapo vijana wanaojiita "watu wa mtandao". Mtu wa mtandao hana ofisi, ana namba ya simu tu. Anasema anaweza kukutolea meseji zote za mwenzio, za mwezi au za mwaka, "moja kwa moja kutoka kwenye mtambo". Nusu ya malipo kabla, nusu baada. Katikati mtambo hukwama, nawe huongeza kidogo ili ukwamuke.

Wiki iliyopita mama mmoja wa watoto watatu aliniwekea mezani kazi ya mtambo huo: karatasi nne zilizobanwa kwa pini, ya mwisho ina duara la kikombe cha chai. Alizilipia laki moja na nusu. Nikavaa miwani. Mume anaandika: "Mpenzi wangu, usiku wa jana, kwa kweli, ulikuwa wa kipekee sana." Koma mahali pake, nukta mahali pake. Nikamwomba mteja simu yake nione mumewe humwandikiaje. Meseji ya mwisho: "kuku kafungie". Ya kabla yake: "umeme".

Nikaendelea kusoma. Mume ameandika "sabbu" badala ya "sababu". Ukurasa wa pili hawara naye kaandika "sabbu". Ukurasa wa tatu wameandika hivyo wote wawili. Wapenzi hufanana, sikatai, lakini hawafanani hadi kwenye herufi iliyorukwa. Kisha nikafika kwenye ujumbe uliomliza mteja wangu usiku kucha, ule wa miadi ya gesti. Umetumwa tarehe 31 Juni.

Nikamgeuzia karatasi, nikaweka kidole juu ya tarehe. Akaitazama muda mrefu.

"Labda mtambo umekosea," akasema.

Mtambo haukukosea, kwa sababu hapakuwa na mtambo. Kampuni ya simu huweka rekodi ya mawasiliano: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, muda wa maongezi, na mnara uliohudumia simu hiyo. Rekodi hiyo hufika mahakamani kwa kuombwa kisheria, na mtu huja kuitolea ushahidi. Siyo shajara ya mapenzi. Maongezi ya WhatsApp ndiyo kabisa: tangu 2016 ujumbe hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea, na hata wenye WhatsApp hawausomi njiani. Sasa niambie, kijana wa kijiweni ameusomea wapi? Na mfanyakazi wa kampuni ya simu akikuuzia rekodi za mteja, hajakufanyia hisani. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inamtaka azitunze siri.

Mtu wa mtandao akizipata meseji za kweli, basi amepita mojawapo ya njia tatu. Amechukua simu ya mumeo dakika moja akaiunganisha na kifaa chake. Au amemlaghai amtajie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu. Au amehamisha laini yake kwa ujanja. Zote tatu ni kuingia usikoruhusiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeliwekea kosa hilo faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nimeisoma nikitafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa mke" au "isipokuwa mume". Hapapo. Cheti cha ndoa si nywila. Na aliyemtuma mtu kufanya kosa, sheria humhesabu mkosaji pamoja naye. Umeingia kwangu ukiwa mlalamikaji, unaweza kutoka ukiwa mshtakiwa, na risiti umeibeba mwenyewe.

Nukta nyekundu je? Mnara hauoni nyumba, unajua eneo tu. Na Ngamiani yetu tunaijua, barabara zimepewa namba, nyumba zimegusana migongo. Mnara ukijitahidi utasema: yupo Ngamiani. Hilo hata muuza kahawa angekuambia kwa bei ya kikombe, tena angekutajia na barabara ya ngapi.

Wapo wanaoniambia: sawa, lakini karatasi zikiwa za kweli? Haya, tuseme ni za kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 haiukatai ushahidi wa kielektroniki. Inauliza ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje usiguswe, na aliyeuandika alitambuliwaje. Anayepaswa kujibu ni yule aliyeutoa, kwa kiapo, huku wakili wa upande wa pili akimsubiri kwa hamu. Mtu wa mtandao hatapanda kizimbani. Akijibu swali la kwanza tu, amekwisha kukiri.

Tuseme amepanda, amejibu, ameaminiwa. Umepata nini? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama iangalie kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ugoni ni dalili moja kati ya nyingi. Zipo pia ukatili, kutelekezwa makusudi, na kuhama nyumba kwa miaka mitatu au zaidi. Fidia ya ugoni ipo, ila sheria imekataza isitolewe kwa nia ya kumwadhibu mtu. Na ile nyumba unayoilenga haigawanywi kwa kuhesabu mahawara. Hugawanywa kwa kuangalia mchango, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke ni mchango. Kupika kwako miaka kumi kuna uzito kuliko meseji zake za mwezi mmoja.

Tamthilia hizi zimewafundisha watu kwamba kesi ni siri, na anayeifichua siri ndiye mshindi. Kwa miaka niliyokaa mahakamani nimeona kinyume chake. Watu hushindwa kesi kwa jambo ambalo mtaa mzima unalijua, ila hakuna aliyekubali kuja kulisema.

Wapelelezi wazuri wa hadithi wanalijua hilo. Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakumpa mtambo. Alimpa kiko, na maswali ambayo aliyeulizwa huyaona ya kipuuzi. Mma Ramotswe wa Botswana, ambaye BBC walimtengenezea tamthilia ya sehemu saba iliyoonyeshwa 2008 na 2009, ana kigari cheupe na chai. Anakaa, anamimina, anauliza. Wote wawili wanamtafuta anayejua tayari. Lakini sizini ya mtu anayekunywa chai hainunuliwi sana, najua.

Haya, ya kufanya, haraka haraka, maana nafasi imekwisha.

Una shaka na mwenzio: muulize, kisha wazee wa pande zote mbili, kisha Baraza la Usuluhishi, la kata au la BAKWATA. Bila kupita huko, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, mahakama haipokei shauri la talaka. Mashahidi: walioona, si waliosikia. Jambo likitokea, andika tarehe siku hiyo hiyo. Meseji uliyotumiwa wewe mwenyewe usiifute, iache ndani ya simu ile ile. Picha ya skrini ni ya akiba. Fumanizi: usipige mtu, usipige picha ya mtu uchi, ita mjumbe. Umeshamlipa mtu wa mtandao: pesa imekwenda, usiipeleke nyingine kuifuata. Badilisha nywila, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, ondoa kifaa usichokijua. Meseji ya kitapeli ipeleke namba 15040. Unataka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako: *106#. Simu imeibiwa: polisi kwanza, funga laini, peleka namba ya IMEI, ambayo unaipata leo kwa *#06#, si kesho simu ikiwa haipo. Huna pesa ya wakili: tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo kwa ajili hiyo, waulizie ofisi za halmashauri.

Nirudi kwa mteja wangu. Alikunja karatasi zake akainuka. Alipofika mlangoni, mkono kwenye kitasa, akasema kama anayezungumzia mvua: "Na hela ya matumizi hajaacha tangu mfungo."

Nikamwambia arudi aketi. Mume kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na malazi, kwa kadiri ya uwezo wake, ni wajibu ulioandikwa ndani ya Sheria ya Ndoa. Nusu saa nzima tumekaa tunasoma mapenzi ya kutungwa, kumbe kesi imesimama mlangoni inasubiri kuondoka.

"Nani anajua kama haachi hela?"

"Barabara nzima."

"Mnakula nini?"

"Nakopa dukani, mama. Mwenye duka ananiandika."

Kesho yake walikuja wawili. Mwenye duka ni mzee, amekuja kwa baiskeli, kaunta buku amelikumbatia kwapani na hakukubali litoke mkononi mwake. Alilifungua mwenyewe na kunishikia kurasa nikisoma. Unga kilo mbili. Mafuta robo. Sabuni kipande. Kila mstari una tarehe, na pembeni mama ametia sahihi yake ya herufi mbili. Nikamweleza mzee kwamba daftari peke yake halitoshi, itabidi aje mwenyewe kulisemea. Akauliza kama mahakama huanza kabla ya saa tatu, kwa sababu duka halina mtu mwingine. Nikamwambia tutaona. Kisha nikageuza kurasa moja moja mpaka nilipofika nilipopataka. Juni yake inaishia tarehe 30.