Dhamana ya Ujenzi si Bima

Katika mazungumzo ya kawaida, 'dhamana' ya ujenzi huchukuliwa kuwa aina ya bima. Sivyo. Kampuni ya bima huibeba hasara. Mdhamini huahidi tu kwamba mkandarasi ataitimiza kazi, na akilazimika kulipa, humdai mkandarasi huyo fedha zote. Hivyo basi, dai likifika, mdhamini huchunguza kwanza. Je, ilani ilitolewa ipasavyo? Mkandarasi ndiye aliyeuvunja mkataba, ama mwenye mradi alichelewesha malipo? Akiridhika, huweza kumfadhili mkandarasi amalize, kumleta mwingine, au kulipa fidia isiyozidi kiwango cha dhamana. Jengo, wakati huo wote, limesimama nusu.

Hata hivyo, yote haya hutegemea maneno yaliyoandikwa, na hapa ndipo sisi wanalugha tunapohusika. Dhamana ikiahidi malipo 'pindi yanapodaiwa', uchunguzi hauna nafasi. Udanganyifu ulio dhahiri tu ndio huzuia malipo, jinsi Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilivyoamua mwaka wa 1977 kuhusu dhamana ya benki katika kesi ya Edward Owen dhidi ya Barclays. Maneno yakikosa uwazi, mambo huwa magumu. Katika kesi ya Trafalgar House dhidi ya General Surety, dhamana ya asilimia 10 iliandikwa kwa lugha kongwe. Mahakama ya Rufani iliisoma ikaona dai pekee latosha. Mwaka wa 1995, majaji wa Bunge la Malodi waliyasoma maneno yayo hayo, wakamtaka mdai athibitishe hasara yake kwanza.