Ibara ya 15: Utani wa Wakongo Juu Yao Wenyewe

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya pili kwa ukubwa barani Afrika baada ya Algeria, ina utani mmoja unaoeleweka kutoka mji mkuu Kinshasa hadi Baraka, mashariki mwa nchi, nao ni ule wa Ibara ya 15. Ibara hiyo, ambayo hata wasemaji wa Kiswahili na Kibembe huitaja kwa Kifaransa, husemwa kuwa ni kifungu cha katiba kinachomwamuru raia ajitafutie mwenyewe bila kuingoja serikali. Asili yake huhusishwa na Kasai Kusini, jimbo lililojitenga Agosti 1960 chini ya Albert Kalonji, ambako inasimuliwa kwamba wakimbizi walioomba msaada waliambiwa wajitegemee. Baadaye mwanamuziki Pépé Kallé aliuimba, na utani ukawa picha ya taifa zima: Mkongo ni mtu wa maarifa, hakwami.

Katika eneo la Fizi, ulipo mji huo wa Baraka, utani huu una mahali pa kushika mizizi. Tangu miaka ya 1990, wazazi walichanga fedha ili walimu wa shule za serikali wapate cha kulia, mchango uliojulikana kama "prime", na desturi hiyo ilidumu hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Barabarani, mvua ikishakata njia, vijana hujaza mashimo kwa mawe na udongo, kisha hunyoosha mkono kwa dereva anayepita ili awape chochote. Mzazi na kijana huyo wanapocheka kwamba wanatekeleza Ibara ya 15, wanajisifu kwa kutoshindwa na maisha, lakini papo hapo wanaishutumu dola iliyowaachia kazi yake.

Hata hivyo, maneno yaleyale hugeuka maana yakitoka kinywani mwa mwenye madaraka. Novemba 1977, Rais Mobutu alihutubia taifa kuhusu alichokiita ugonjwa wa Zaire, jina la nchi wakati huo, akalalamika kwamba kila kitu kilikuwa kinauzwa na kununuliwa. Kwa kuuita ugonjwa wa nchi nzima, aliwabebesha raia wote mzigo wa maovu yaliyostawi chini ya utawala wake. Tabia ya taifa ikishafanywa sababu ya kila kasoro, hakuna kiongozi anayebaki na la kujibu.

Hapo ndipo inapofaa kuisoma Ibara ya 15 halisi. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 inazitaka mamlaka za umma, katika ibara hiyohiyo, zihakikishe kwamba ukatili wa kingono unakomeshwa, na inautaja ule unaofanywa kwa nia ya kuvunja familia na kuangamiza watu kuwa jinai dhidi ya ubinadamu, yaani kosa linalohesabiwa kuwa dhidi ya wanadamu wote.

Watu wa Fizi wanajua uzito wa maneno hayo. Tarehe 1 Januari 2011 askari waliushambulia mji wa Fizi na kuwabaka wanawake wengi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi inayohamahama, yaani inayowafuata watu walipo badala ya kuwangoja mjini Bukavu, iliketi Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na makumi ya wanawake wakatoa ushahidi. Kamanda wa askari hao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu, na askari wengine kadhaa walihukumiwa pamoja naye.

Kesi hiyo ilithibitisha kwamba dola inaweza kutimiza wajibu wake hata mbali na Kinshasa, na kwamba raia hawapaswi kuachiwa kila kitu. Wakongo wana haki ya kujicheka, kwa kuwa kicheko hicho kimewabeba katika miaka migumu. Lakini ibara ya utani inamdai raia peke yake, ilhali ile ya katiba inaidai serikali, na deni hilo la pili ndilo linalostahili kukumbushwa kila siku.