Kidonda cha Mdomoni Kisichopona

Ukijiuma ulimi, mwili hutoa kemikali ndogo zinazoamuru chembechembe ziongezeke mpaka jeraha lizibe. Kisha amri hukoma. Lakini sigara, ugoro na pombe, kwa miaka mingi, huharibu chembechembe hizo. Basi zinaendelea kuongezeka bila breki, hata zinavuta mishipa mipya ya damu izilishe. Huo ndio uvimbe wa saratani.

Dalili ya mwanzo yaweza kuwa baka jeupe au jekundu lisilofutika. Mara nyingi haliumi, ndiyo maana watu hungoja. Mama, baba, kidonda kikipita wiki 2, usisukutue chumvi tu. Nenda hospitali, wakate kipande kidogo wakipime. Mkutano ujao tuangaliane kinywani kwa tochi. Anayewahi ana nafasi kubwa ya kupona.